Tungule Si Nyanya

Leo nataka tuzungumze tungule.

Najua umeshasema: huyu kaishiwa. Nivumilie kidogo. Wiki iliyopita nilikwenda Kiwengwa kumkagua jamaa yangu mgonjwa. Nikapanda gari ya 117, tukapita Mahonda, Kinyasini tukakata kulia, tukaingia Upenja, tukaupita msitu wa hifadhi wa Kiwengwa na Pongwe wenye mapango, kisha bahari hiyo. Aliyefika Kiwengwa anajua kwamba ziko Kiwengwa mbili, zimelala ubavu kwa ubavu. Moja ina kuta ndefu, geti, mlinzi na bwawa la kuogelea hatua ishirini kutoka baharini, jambo ambalo mpaka leo sijaelewa sababu yake. Nyengine ina nyumba za matofali yasiyopigwa lipu, kuku, nyavu zilizoanikwa, na vitongoji vyenye majina kama Kumba Urembo na Kairo. Naam, Kairo. Misri wanayo moja na Kiwengwa wanayo moja.

Nilipotoka kwa mgonjwa nikakaa kwenye kibao mbele ya genge nikisubiri gari ya kurudi. Akaja msichana amevaa sare ya hoteli, mkoba begani, uso umechoka. Akasema, "Shikamoo mama. Naomba nyanya za elfu moja."

Bibi mwenye genge akaitikia, "Marahaba mwanangu. Nyanya sina."

Msichana akatazama mbele yake. Mafungu manane, mekundu, yanang'ara. "Na hizi?"

"Hizo tungule."

"Basi nipatie tungule za elfu moja. Na viazi, mafungu mawili."

"Mbatata," akasema bibi, "mafungu mawili."

Kwenye kibao tulikuwa wanaume wanne. Tukacheka sote. Msichana naye akacheka, kile kicheko cha mtu aliye ugenini asiyetaka kuonekana kakasirika, akalipa, akaenda zake. Alipokunja kona mmoja wetu akasema, "Wabara hawa, bwana." Mwengine akaongeza neno jengine tulilonalo kwa watu wa bara, ambalo wewe unalijua na mimi nalijua, na redioni silisemi.

Kicheko kile ndicho kilichonileta mbele ya maikrofoni. Nilicheka na mimi, tena nilicheka kwa raha. Nilipokuwa njiani kurudi ndipo nilipoanza kujiuliza nilikuwa nikicheka nini.

Sisi watu wa Unguja tuna mzaha mmoja tunaoupenda sana: Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Bara, kikaugua Kenya, kikafia Uganda, kikazikwa Kongo. Kila mtu ana namna yake ya kuusema, lakini mahali pa kuzaliwa hapabadiliki. Wakenya nao huusema huku wakijicheka wenyewe, na hilo ni sifa yao. Mkongo sijapata kumsikia akiusema. Mtu wa Lubumbashi au wa Bukavu anaamka na Kiswahili, anagombana sokoni kwa Kiswahili, anambembeleza mtoto kwa Kiswahili, wala hana habari kwamba anatembea na maiti.

Na Uganda? Hapo pana kisa cha redio, na wazee wanaonisikiliza wanakikumbuka. Tarehe 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi, waliofungua redio zao hapa Unguja walisikia kutoka Raha Leo sauti ya mtu aliyejipa cheo cha jemadari mkuu. Jina lake John Okello. Mzaliwa wa Lango, kaskazini ya Uganda, alifika Pemba mwaka 1959, akashika kazi za mikono, kisha akahamia Unguja mwaka 1963. Matamshi yake pale gengeni Kiwengwa yangetupa kicheko cha wiki nzima. Siku ile hakuna aliyecheka. Kile Kiswahili tunachosema kilifia Uganda kilitoka kwenye redio kikiwa hai kabisa, kikatoa amri na vitisho, na serikali ya Sultani ikaanguka.

Lakini sikiliza na mwisho wa kisa. Mwezi Machi wa mwaka ule ule Okello alitoka safarini, akataka kurudi Unguja, akakataliwa. Mtu aliyesema amekuja kwa jina la Waafrika akaondoshwa kama mgeni. Simtetei, maneno aliyoyatangaza siku zile yalikuwa ya kutisha na damu iliyomwagika haitetewi. Nasema tu kwamba katika visiwa hivi neno "mgeni" lina kazi nyingi, na hufanya kazi zaidi siku mwenyewe anapokuwa hahitajiki tena.

Turudi kwenye lugha, maana ndiyo tunayoivaa kama kilemba. Nani aliyetuvisha? Mwaka 1928 walikutana maofisa wa elimu wa kikoloni na wamisionari kutoka nchi za Afrika Mashariki, wakakubaliana lahaja ya kuandikia vitabu vya skuli iwe Kiunguja. Mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya kuisanifisha. Na mkutano wenyewe wa 1928 ulifanyika wapi? Mombasa. Kimvita, lahaja yenye hazina ya tenzi na mashairi ya karne na karne, kilishindwa kikiwa nyumbani kwao. Watu wa Mombasa mpaka leo wana la kusema juu ya hilo, na mimi nikiwa peke yangu huwapa haki. Kwa hivyo ile taji ya lugha tunayomwonyesha msichana wa hotelini tulivikwa na maofisa wa Kiingereza waliokuwa wakitafuta njia rahisi ya kupiga chapa vitabu.

Sasa utaniambia, basi na BAKIZA je? Baraza letu la Kiswahili lina sheria yake, na mwaka 2010 likatoa kamusi. Watu wa Bara tangu 1981 wana Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Sisi tukatoa Kamusi la Kiswahili Fasaha. Umesikia? Wao "ya", sisi "la". Wao "sanifu", sisi "fasaha". Jina la kitabu tu, kabla hujakifungua, limeshapeleka salamu ng'ambo ya bahari. Nalipenda lile "la". Nikiliona kwenye rafu nafsi yangu hutulia. Ni la kwetu, bibi yangu angelisema hivyo hivyo, na hakuna aliyepungukiwa na kitu kwa sababu ya kusimama kwake pale. Lakini "mbatata" ya gengeni ilikuwa na kazi nyengine: ilirushwa.

Gari ilichelewa, kama kawaida, nikapata wasaa wa kuzungumza na bibi. Nikamuuliza kwa utani, je, anawafundisha wote namna ile? Akasema wanaomjia wengi ni watoto wa bara siku hizi, wanafanya kazi mahotelini, lazima wajue. Kisha akanyamaza, akazipanga tungule zake upya, akasema, "Hata sisi tulifunzwa." Alipokuwa mdogo alipelekwa mjini kukaa kwa shangazi yake, Kikwajuni. Siku ya kwanza uwanjani akatamka neno moja la huku kwao kaskazini. Watoto wa mjini wakamzomea mpaka jua likatua, wakampa jina la neno lile, na jina likamganda mpaka aliporudi Kiwengwa. Nikamuomba anitajie neno lenyewe. Akakataa. Nusu karne imepita, na mbele ya mtu wa mjini bado hataki kulitamka.

Mimi ni mtoto wa mjini. Huenda nilikuwa miongoni mwa wazomeaji wa namna ile; uwanja ule nimeucheza. Mtoto wa shamba akija skuli na lafudhi ya Kitumbatu au ya Makunduchi tulikuwa naye mwezi mzima. Kwa hivyo Kiunguja chenyewe tunachojivunia si cha Unguja nzima. Ni cha mjini, na hao wa Kiwengwa walikipata kwa kuzomewa kama anavyokipata leo yule msichana.

Mambo haya yana mizizi, na mizizi mingine inanuka, lakini tuichimbe kidogo. Watu wa pwani hii zamani walikuwa na neno "uungwana". Baada ya Seyyid Said kuhamishia kiti chake hapa kutoka Maskati, neno jengine likapanda, "ustaarabu". Sikiliza linavyotamkwa na utamsikia Mwarabu ndani yake: kuwa na adabu ni kuwa kama yeye. Na kinyume chake tukaweka "ushenzi", na mshenzi akawa mtu wa bara, mtumwa au aliyedhaniwa kuwa mtumwa. Leo tunamwambia mtoto anayesukumana kwenye foleni, "Kuwa mstaarabu," bila ya kuwaza. Neno limesahau lilikotoka.

Kisha ukaja ukoloni wa Kiingereza na madaftari yake. Katika sensa ya 1924 makumi ya maelfu ya watu waliandikishwa kuwa Waswahili. Ikaja ya 1931, Waswahili wakabaki elfu chache. Hakukuwa na tauni wala kuhama. Watu walikuwa wamejihesabu upya: huyu Mshirazi, yule Mwarabu, huyu kitu chengine, alimradi asiwe Mswahili, maana Mswahili alishakuwa na maana ya mtu asiye na kwao. Na Vita Vikuu vya Pili vilipobana chakula, mgao ukatolewa kwa kabila. Mhindi na Mwarabu wakapewa mchele, Mwafrika akapewa mahindi. Asili ya babu yako ikawa inapimwa kwa kibaba. Usishangae basi kwamba watu walianza kuikumbuka Shiraz ambayo hakuna katika ukoo aliyepata kuiona.

Ndipo zikaja Zama za Siasa. Watu wa chama cha Hizbu walisema wao ndio wazalendo, wanapigania nchi ya raia wote wa Sultani wa kila rangi, na watu wa bara ni wapitaji. Wa chama cha Afro-Shirazi walisema Mwarabu ndiye mgeni, mwenye nchi ni Mwafrika. Magazeti yakachukua kazi: Mwongozi upande huu, Afrika Kwetu upande ule. Abeid Karume, ambaye tumesomeshwa kuwa alizaliwa Mwera mwaka 1905, wapinzani wake walisema hadharani kwamba hakuzaliwa hapa. Naye katika uchaguzi wa 1957 akamshinda Ali Muhsin Barwani katika jimbo la Ng'ambo. Kila upande ulimwambia mwenziwe: rudi kwenu. Uchaguzi wa Juni 1961 ukamalizika kwa fujo zilizoua watu 68, wengi wao Waarabu wa mashamba. Na ya Januari 1964, idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo, na kila anayebisha huanza na idadi inayomfaa. Mwanahistoria wa Kimarekani Jonathon Glassman alitoa kitabu mwaka 2011 akisema kwamba maneno yalitangulia mawe, na kwamba maneno yale waliyatengeneza watu waliosoma, walimu na waandishi, watu wa kalamu. Nilipokisoma niliona haya kidogo, kwa kuwa na mimi ni mtu wa kalamu na maikrofoni.

Hapo sasa kuna msikilizaji wa Dar es Salaam au Dodoma amekaa vizuri, anatikisa kichwa, anasema, umewaeleza. Na wewe nakujia.

Kiburi cha mdogo kinaonekana haraka kwa sababu kinapiga kelele. Kiburi cha mkubwa hakina haja ya kelele, tena hakijiiti kiburi, kinajiita umoja. Sensa ya 2022 imeihesabu Tanzania nzima watu 61,741,120, na Zanzibar ndani yake 1,889,773. Ukiwa upande wa tarakimu ndefu huhitaji kumcheka mtu gengeni, unamsahau tu. Mwezi Julai 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi. Kisheria alikuwa na hoja zake, mawakili wabishane. Lakini mimi nilikuwepo mjini siku zile, na nakwambia hata watu ambao hawajapata kubishana siasa maishani walikaa barazani hawali. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikafanyiwa mabadiliko ya kumi, ikaandikwa kwamba Zanzibar ni nchi. Jibu la miaka miwili kwa sentensi moja.

Na mpira! Machi 2017, Addis Ababa, Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika likaipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55. Tulipiga honi kutoka Darajani mpaka Amani. Julai ya mwaka huo huo wakatuvua, wakasema hatukustahili tangu mwanzo. Disemba tukaenda Kenya kwenye Kombe la Chalenji, tukakutana na Tanzania Bara Machakos, tukawafunga 2 kwa 1. Msikilizaji, sitajifanya mtu mzima mbele yako. Nililia. Fainali Kenya wakatushinda kwa penalti na hilo halikuniuma hata nusu ya ile furaha. Usiku wa kuwafunga Bara, nikiwa nimelala macho, nikajikuta najiuliza swali ambalo mpaka leo sijalijibu vizuri: hivi ninachokipenda ni Unguja, au ni kule kuwa si Bara? Maana tungemfunga Rwanda 2 kwa 1 ningelala mapema.

Tarehe 7 Oktoba 2021 swali hili lilirudi kwa mlango mwengine. Abdulrazak Gurnah akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Kazaliwa hapa mwaka 1948, akaondoka kijana mdogo baada ya Mapinduzi, akenda Uingereza, akasoma, akafundisha, akaandika kwa Kiingereza. Simu yangu siku ile ilijaa. Kundi moja: Mtanzania wa kwanza! Kundi jengine: ni Mzanzibari, msituchanganye! Waingereza nao taratibu: mwandishi wetu. Na sheria ya Tanzania, isiyokubali uraia wa nchi mbili, ilikuwa imekaa kimya pembeni, kwani kwa mujibu wake mwenye uraia wa Uingereza si wa kundi la kwanza wala la pili. Nikawauliza wenzangu watano waliokuwa wakibishana kwa jasho, nani amemsoma? Mmoja alikuwa ameona filamu, ikabainika ni filamu ya mtu mwengine. Mwaka uliofuata ikatoka riwaya yake Peponi, kwa tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, na ndipo wengi wetu tulipopata kuyasoma yale tuliyokwisha kujivunia.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Kiwengwa pana malalamiko ya haki. Mahoteli yamesimama pale madau yalipokuwa yakivutwa. Kazi nyingi nzuri zinakwenda kwa waliosomea utalii Bara au Kenya, na mtoto wa Kiwengwa anabaki kulinda geti la ardhi iliyokuwa ya babu yake, akibahatika. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kilichowekwa na sheria ya mwaka 2005, wengine wa Bara wanakiona kuwa ubaguzi. Mimi nakiona kuwa ua. Mwenye kiwanja kidogo huweka ua. Mwenye pori la Rukwa haoni haja yake. Ua nautetea. Ninachokihoji ni kusimama nyuma ya ua na kumzomea mpita njia anayenunua nyanya. Yeye hakuuza ufukwe wa mtu. Amepanga chumba Kairo, anaamka saa kumi alfajiri kukaanga mayai ya watu wengine.

Tena ukitaka kuona nani anamcheka nani pale Kiwengwa, shuka pwani. Ndivyo nilivyofanya gari ilipozidi kuchelewa. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka kwenye mwamba. Wanawake walikuwa wanarudi na mafurushi ya mwani kichwani, nguo zimelowa mpaka kifuani. Watalii wa Kitaliana wamelala vitandani. Papasi, wale vijana wetu wa ufukweni, wanawafuata na Kitaliana cha mtiririko, cha kupanda na kushuka kwa mikono, hata ukifumba macho utadhani uko Napoli. Papasi mmoja alinieleza kwa dharau kabisa juu ya mwenzake mgeni: "Yule hajui kitu, anazungumza Kiingereza tu." Ndiyo ngazi ilivyo. Mtaliana hamuoni papasi, papasi anamcheka papasi, wote wanamcheka Mbara, Mbara anamcheka Mmasai, na Mmasai, amesimama na rungu lake na shuka nyekundu, anawatazama wote kama mifugo iliyokosa mchungaji.

Na Mmasai ndiye anayepigwa picha. Picha iendayo Milano na kuwekwa juu ya friji, ikiandikwa "Zanzibar", ni ya mtu wa Arusha. Hilo linawachoma wenyeji, na huwa nacheka, ila kwa huruma. Mtalii amefundishwa kusema "jambo" na "hakuna matata", na hakuna mtu wa Unguja anayesema hivyo nyumbani kwake. Maneno hayo yamepata umaarufu kwa wimbo wa hotelini wa bendi ya Kenya, Them Mushrooms, wa miaka ya 1980. Sisi husema "hamna shida" na kumbe shida ipo.

Wale wanawake wa mwani je? Hao ndio ningependa tujivunie na hatujivunii. Kilimo kile kimeanza pwani ya mashariki mwaka 1989, na kikawatia wanawake fedha mkononi ambayo hakuna mume aliyewapa. Mwani unakaushwa juani, unakwenda ng'ambo, unageuzwa kuwa kitu cha kugandishia dawa za meno na aiskrimu. Yule Mtaliana akirudi kwao akalamba aiskrimu yake, huenda analamba Kiwengwa. Nilipomwambia mmoja wa wale kina mama, alisema kwamba bei ya kilo ingepanda angefurahi zaidi. Na mbegu ya mwani wenyewe ilitoka Ufilipino. Karafuu tulizoziweka katikati ya heshima yetu zimetoka visiwa vya Maluku, zikapitia Bahari ya Hindi mpaka hapa mwanzoni mwa karne ya 19. Muhogo umetoka Amerika. Ukianza kurudisha kila kitu kwao, Unguja itabaki na mawe na upepo, na upepo nao ni wa kaskazi na kusi, unatoka kwengine.

Nikarudi gengeni. Bibi alikuwa anafunga. Nikamuuliza tungule zile zimelimwa wapi, maana Kiwengwa ni mawe matupu. Akasema za Unguja zipo msimu wake, hizi zimetoka Bara, Lushoto, zimeshuka na boti bandarini Malindi, zimo kwenye tenga. Nikamuuliza, "Na huko Lushoto, ndani ya tenga, zinaitwaje?"

Akanitazama kwa muda. "Usinichokoze, mwanangu."

Na mbatata? Neno lenyewe ni la Wareno. Batata. Walitutawala, wakatolewa, neno likabaki jikoni. Yule msichana tulimcheka kwa Kireno. Yeye alikuwa ametumia Kiswahili.

Gari ikapiga honi, kumbe bado inazungushwa kutafuta abiria, nikapata dakika nyengine kumi. Ufukweni vijana walikuwa wameanza mpira kwenye mchanga mgumu ulioachwa na maji. Bara na Visiwani, kama kila jioni. Visiwani fulana, Bara vifua wazi. Milingoti ya magoli ni vijiti viwili na ndoo mbovu. Bara walikuwa wametimia, Visiwani wamepungukiwa golikipa, maana golikipa wao kaingia zamu. Wakaangaza macho kushoto na kulia. Wakamuita Mmasai.

Palikuwa na ubishi. "Huyu Mbara!" akapinga mmoja wa vifua wazi. Nahodha wa Visiwani, papasi mwenye Kitaliana cha Napoli, akamjibu, "Nyie mmeshajaa. Huyu wetu." Mmasai hakuulizwa. Akavua makubazi, akaikaza shuka kiunoni, akachomeka rungu mchangani pembeni ya ndoo, akaingia golini. Shuti la kwanza akalidaka kwa kifua. La pili likampita katikati ya miguu, na akasemwa kwa Kiunguja fasaha kabisa.

Yule msichana wa hotelini alikuwa amesimama na mfuko wake, anapiga kelele. Sikuweza kujua anashangiria upande gani. Nilipoitwa kupanda gari mabao yalikuwa moja kwa moja, na maji yalishaanza kujaa, yameifika ndoo.